Ruta Mbili, Nyumba Moja: Namna ya Kufikisha Wi-Fi Chumba cha Nyuma

Kuanzia Kiamunyi mjini Nakuru hadi Mamboleo kule Kisumu, lalamiko ni lilelile. Sebuleni video inacheza vizuri. Ukiingia chumba cha nyuma inazungukazunguka tu. Mwenye nyumba anapigia kampuni simu, anaambiwa laini iko sawa. Anapandisha kifurushi, analipa zaidi kila mwezi, na chumba cha nyuma kinabaki vilevile. Wakati huohuo juu ya kabati kuna ruta ya zamani, iliyobaki familia ilipohamia kampuni nyingine, inakusanya vumbi.

Ruta hiyo inaweza kumaliza tatizo bila kuongeza hata shilingi kwenye bili. Lakini wengi wanaojaribu huichomeka tu, wakaona mtandao wa nyumba nzima umevurugika, wakaing'oa na kuapa kwamba ruta mbili hazikai pamoja. Zinakaa. Sharti lake ni kwamba ile ya pili inyang'anywe karibu kazi zake zote.

Tuanze na panapochanganya wengi. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Intaneti ni huduma unayolipia, ile inayofika kwako kwa waya wa faiba kutoka kwenye mlingoti wa barabarani, kwa laini ya 4G au 5G, au kwa sahani ya setilaiti ya Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023 na sasa inaonekana juu ya mabati hata vijijini. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya ruta yako na simu yako, basi. Hayaendi mbali na nyumba yako. Ndiyo maana siku faiba imekatika simu bado inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi ilhali hakuna ukurasa unaofunguka: simu inaiona ruta vizuri kabisa, ni ruta ndiyo isiyoona dunia.

Kabla ya kununua chochote, pima. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, fungua tovuti yoyote ya kupima kasi, andika namba. Kisha nenda chumba kinacholalamikiwa, upime tena kwa simu ileile. Ikiwa karibu na ruta unapata kasi uliyolipia na chumbani unapata robo yake, shida ni Wi-Fi, na makala haya yanakuhusu. Ikiwa hata karibu na ruta kasi ni mbovu, shida iko kwa anayekuuzia huduma, na hata ukitundika ruta kumi hazitasaidia.

Kwa nini mawimbi yanaishia njiani? Nyumba nyingi za Nakuru zimejengwa kwa mawe, kuta za inchi 6 au 9, na wimbi likivuka moja linachoka, likivuka ya pili linakuwa hoi. Ghorofa zina sakafu ya zege yenye nondo ndani. Mabati ni mabaya zaidi kwa sababu chuma hurudisha wimbi lilikotoka, na tangi la maji au kioo kikubwa cha kabati nacho hula sehemu yake. Ruta za kisasa hutumia masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini hayapendi kuta, ya 2.4 hupenya zaidi, ila ndiyo yanayotumiwa na majirani wote, vipokea sauti vya Bluetooth, na hata maikrowevu ya jikoni huvuja kidogo papo hapo. Kwa hiyo kabla ya yote, jaribu kuhamisha ruta. Fundi wa faiba huiweka dirishani alipotobolea waya kwa sababu ndipo kazi yake inapoishia haraka. Ruta iliyowekwa katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi, huwa imemaliza nusu ya malalamiko. Ikishindikana, ndipo tunakuja kwenye ile ya kabatini.

Kisanduku tunachokiita ruta kina kazi nne zilizofungiwa pamoja. Kinaelekeza safari kati ya nyumba yako na intaneti, na hiyo ndiyo kazi iliyokipa jina. Kinagawa anwani kwa kila simu na kompyuta, kazi inayoandikwa kwenye skrini kwa herufi DHCP. Kina matundu kadhaa ya kebo ya kuunganisha vifaa vya waya, yaani swichi. Na kinarusha Wi-Fi. Sehemu hii peke yake ndiyo mafundi wanaiita aksesi pointi, nami nitaiita kituo cha Wi-Fi. Kwenye faiba kuna kazi nyingine tena, ya kugeuza mwanga kuwa umeme, ambayo siku hizi huwa ndani ya kisanduku hichohicho cha kampuni. Tukisema tunageuza ruta ya zamani kuwa kituo cha Wi-Fi, tunamaanisha tunaizuia isielekeze safari na isigawe anwani. Tunaiachia matundu na mawimbi.

Hapa kwenye anwani ndipo vita huanzia, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Fikiria ploti ya kupangisha kule Pipeline au Nyalenda, yenye geti moja na keateka mmoja. Mpangaji mpya akifika, keateka anampa namba ya mlango na kumwonyesha geti liko wapi. Barua ikija, inajulikana iende mlango gani. Nyumbani kwako ruta kuu ndiyo geti na ndiyo keateka. Simu ikiingia inaomba namba, ruta inaipa, tuseme 192.168.1.105, na kuiambia kwamba geti ni 192.168.1.1. Namba hizo zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu. Jirani yako anaweza kuwa na zilezile na hakuna kinachogongana, maana kila ploti ina milango yake.

Sasa chomeka ruta ya pili bila kuigusa mipangilio. Umeleta keateka wa pili ambaye hakuambiwa kuna wa kwanza. Simu moja inapewa mlango wa 105 na huyu, kompyuta inapewa 105 na yule. Mbaya zaidi, keateka mpya anawaambia wapangaji kwamba geti ni yeye, na nyuma yake kuna ukuta mtupu. Matokeo ndiyo yale maandishi yanayokera, kwamba umeunganishwa lakini hakuna intaneti. Na kwa kuwa ni bahati nasibu nani atajibu kwanza, simu ya baba inafanya kazi na ya mama inakataa, kesho inakuwa kinyume. Watu huamini ruta imeharibika kumbe zote mbili ni nzima, kila moja inafanya kazi yake kwa bidii.

Kuna wanaochomeka kebo kwenye tundu la WAN la ruta ya pili, yaani lile la kupokea intaneti kutoka nje, la rangi tofauti na mengine, na mambo yanaonekana kwenda. Hapo umejenga ploti ndani ya ploti, yenye geti lake. Kurasa zitafunguka, ila simu iliyo upande wa sebuleni haitaiona printa iliyo nyuma ya geti la pili, na kurusha video kutoka simu hadi TV ya chumba kingine kutakataa. Kwa saiba yenye printa moja na kompyuta vyumba viwili, hili ni tatizo la kila siku. Na ikiwa ruta zote mbili zinatumia namba za kundi moja, za 192.168.1, ya pili huchanganyikiwa kwa sababu nje na ndani kwake kunafanana, na mara nyingi intaneti haipiti kabisa.

Basi tuifanye inavyotakiwa. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya ruta yako ya zamani, kwa njia iliyo katika aya inayofuata, utazame kama ina chaguo lililoandikwa "Access Point Mode", mara nyingi chini ya "Operation Mode". Ruta nyingi za TP-Link na Tenda za miaka ya karibuni zinalo. Ukilichagua, kazi ya kubadilisha anwani na kuzima DHCP nitakayoeleza hapa chini inafanywa na ruta yenyewe, unabaki kuweka jina na paswadi, na unaweza kuiruka aya ya LAN. Kama haina, kazi ni ya mkono, nayo ni ya dakika chache ukifuata mpangilio. Mpangilio ndio siri yote.

Iwashe ruta ya zamani peke yake, bila kuiunganisha na ile kuu. Tafuta kitundu cha kuifuta kumbukumbu, ingiza pini au waya wa kubania karatasi, shikilia kama sekunde 10 hadi taa zibadilike. Geuza ruta usome kibandiko cha chini: pana jina la Wi-Fi, paswadi, na anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, Huawei za faiba nyingi hutumia 192.168.100.1, na MikroTik 192.168.88.1. Unganisha simu kwenye Wi-Fi hiyo kisha zima data ya simu. Usiruke hili. Simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data kimyakimya, nawe unabaki kuandika anwani isiyofunguka na kudhani umekosea. Anwani yenyewe uiandike kwenye kidirisha cha juu cha kivinjari, kile cha anwani, si pale pa kutafutia.

Ukishaingia, anza na Wi-Fi. Weka jina na paswadi zilezile za ruta kuu ukitaka simu zihame zenyewe kutoka sebuleni hadi chumbani. Usalama chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, ruta hiyo ni ya kale mno, kwani WEP ilivunjwa tangu 2001. Chaneli ya GHz 2.4 ifanye tofauti na ya ruta kuu, na zilizo salama ni 1, 6 na 11 tu, kwa kuwa nyingine zote zinaingiliana. Kuu ikiwa 1, ya pili iwe 6 au 11. Badilisha pia paswadi ya kuingilia mipangilio, maana "admin" inajulikana na kila mtoto wa shule ya upili.

Kisha nenda sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, ubadilishe anwani ya ruta yenyewe, iwe kwenye kundi la ruta kuu lakini namba ambayo keateka hatampa mpangaji. Ingia kwenye ruta kuu utazame inagawa kutoka ngapi hadi ngapi. Nyingi hugawa 100 hadi 199, basi namba 2 iko huru: unaandika 192.168.1.2. Nyingine hugawa zote kuanzia 2 hadi 254. Hapo ipunguze iishie 200, ruta ya pili upe 250. Ukihifadhi utatupwa nje. Usishtuke, ruta imehamia mlango mpya. Zima na uwashe Wi-Fi ya simu, ingia tena kwa anwani mpya. Sasa, mwisho kabisa, zima DHCP na uhifadhi. Inaachwa mwisho kwa sababu baada ya hapo ruta hii haitampa mtu namba tena, na ukiizima mapema unajifungia nje.

Hapo ndipo unachukua kebo, unachomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN la ruta kuu na wa pili kwenye tundu la LAN la ruta ya zamani. Tundu la WAN unaliacha tupu. Kebo ni moja tu. Wapo wanaochomeka mbili wakitaka kasi mara mbili, na kwa ruta za kawaida za nyumbani data huanza kuzunguka kati ya sanduku hizo mbili bila kikomo hadi mtandao wote unaganda.

Swali linaloulizwa sana ni kama ruta ya kampuni moja inaweza kushirikiana na ya nyingine. Inaweza, kwa kuwa kebo ya LAN na Wi-Fi vinafuata kanuni moja duniani kote. Hata ruta ya 4G isiyo na laini ndani inafaa, mradi ina tundu la kebo na inakubali kuzimwa DHCP. Vizuizi ni viwili: baadhi ya ruta za kampuni zimefungwa huwezi kuingia mipangilio, na nyingine ni mali ya kampuni, zinatakiwa zirudishwe mkataba ukiisha. Soma mkataba. Wenye Starlink wajue kwamba ruta yake ya kizazi cha pili haina tundu la kebo mpaka ununue kiunganishi chake. Ya kizazi cha tatu ina mawili.

Na je, ruta mbili zitakula data mara mbili? Hapana. Kinachohesabiwa na kampuni ni kinachopita getini, na geti bado ni moja. Antena nne nazo haziongezi kasi uliyolipia. Zinaweza kusaidia mawimbi ndani ya nyumba, lakini kifurushi cha Mbps 10 kitabaki 10. Kinyume chake, ruta kuukuu yenye matundu ya Mbps 100 inatosha kabisa kwa vifurushi vingi vya nyumbani, kwa hiyo usiidharau kwa umri wake. Kuhusu hofu ya mionzi, mawimbi ya Wi-Fi ni ya redio, hayana nguvu ya kuharibu chembe za mwili kama eksirei, na ruta hutoa chini ya wati moja ilhali maikrowevu hutumia mamia. Kuificha Wi-Fi isionekane jina hakumzuii mwizi. Paswadi ndefu inamzuia.

Mauzo makubwa madukani ni ya vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyopokea Wi-Fi na kuirusha tena. Mimi sivipendi. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hukatika karibu nusu papo hapo, na mtu huvichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi, mahali ambapo havina cha kurudia. Vikae katikati ya njia kama ni lazima. Seti za mesh, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyouzwa pamoja na kufanya kazi kama mtandao mmoja, ni bora zaidi, bei yake pia iko juu, na bado zinanufaika ukiziunganisha kwa kebo. Kebo haijapata mpinzani.

Lakini kebo yenyewe inataka macho. Uliza Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika kirahisi na kwa umbali mrefu hupoteza data. Ukikwaruza waya kwa wembe ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini. Kikomo cha kebo moja ni mita 100. Fundi akifunga vichwa, rangi zifuate mpangilio mmoja pande zote mbili, na asiipitishe bega kwa bega na nyaya za stima.

Kwa watu wa Magharibi na Nyanza kuna jambo jingine zito zaidi: radi. Boma la Kiluo lina nyumba kuu na simba, yaani nyumba ndogo ya kijana, karibu na geti, boma la Kakamega lina jiko la nje na nyumba ya wageni, na kila mtu anatamani kuvuta kebo kutoka nyumba hadi nyumba, ikipita juu ya miti au chini ya nyasi. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na wakazi wa Kisii hawahitaji kuambiwa. Kebo ya shaba kati ya majengo mawili huokota umeme wa radi hata ikipiga mbali kidogo, na kuufikisha kwenye ruta zote mbili pamoja na kompyuta zilizounganishwa. Ndani ya nyumba moja, tumia shaba. Kati ya nyumba na nyumba, tumia faiba fupi na vigeuzi viwili vya pande zote mbili, kwa kuwa faiba ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme. La sivyo, tumia jozi ya antena za kurushiana mawimbi, moja paa hili, nyingine paa lile. Gharama inapanda, najua, lakini linganisha na ya kununua kila kitu upya baada ya mvua moja ya Aprili.

Baada ya kuunganisha, tembea ukiwa na simu. Utagundua wakati mwingine inang'ang'ania ruta ya sebuleni ilhali umesimama chini ya ile ya chumbani. Ruta haina hatia hapo, ni simu ndiyo inayoamua lini ihame, na nyingine ni wagumu kama mpangaji anayedaiwa kodi. Zima Wi-Fi ya simu na uiwashe. Ikikukera sana, punguza nguvu ya kurusha ya ruta kuu, au ipe ya pili jina tofauti uchague mwenyewe. Ikiwa simu haipati anwani kabisa, au inaonyesha namba inayoanza na 169.254, keateka hafikiki: angalia kebo kwanza, kisha hakikisha hukuzima DHCP ya ruta kuu kwa bahati mbaya.

Wenye ploti wanaofikiria kuvutia wapangaji kwa njia hii wawe macho na kitu kimoja. Kuwapa familia na wageni ni shauri lako. Kuwatoza wapangaji pesa ya Wi-Fi kila mwezi ni kuuza huduma ya mawasiliano, na hilo linataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, mbali na kwamba mikataba ya vifurushi vya nyumbani kwa kawaida inakataza kuuza tena.

Lililobaki ni stima. Wengi wamenunua betri ndogo ya ruta ili intaneti isikatike umeme ukipotea, wakasahau kwamba sasa wana visanduku viwili. Ruta kuu inabaki hai, kituo cha chumbani kinakufa, na lawama zinarudi kwa kampuni. Weka betri pande zote mbili, na usome volti kwenye kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka: nyingi ni 12, lakini ruta ndogo za zamani huwa za 9 au 5, na ukiipa 12 iliyozoea 5 utakuwa umeiunguza.